Kabla ya kupima jeni za chuma: maneno kwa jamaa wa Lubumbashi

Mtu akiambiwa na munganga kwamba damu yake ina chuma kingi, mara anaanza kuulizia bei ya kipimo cha jeni, damu isafirishwe mpaka Ulaya. Ndugu, ngoja kwanza. Kuna vipimo viwili vya labo vinavyotangulia: ferritini, yaani protini inayohifadhi chuma mwilini, na asilimia ya transferini iliyobeba chuma, yaani protini inayokisafirisha kwenye damu. Nenda asubuhi, kabla ya kula. Kama unameza vidonge vya chuma au vitamini C, mwambie munganga akuelekeze uviache lini.

Ferritini inapandishwa na mengi: malaria, maambukizi, ini lililovimba, pombe. Kaka yangu alipimwa malaria ikiwa bado mwilini. Karatasi ilirudi na 900, imezungushiwa kalamu nyekundu, na nyumba nzima tukakosa usingizi. Aliporudia akiwa mzima, ilikuwa 180. Kama umetoka kuugua, pona kwanza. Lakini transferini iliyobeba chuma ikizidi asilimia 45, ukarudia na ikabaki hapo hapo, usilipuuze.

Sasa jeni yenyewe. Inayopimwa mara nyingi ni HFE, jeni inayosaidia mwili kudhibiti chuma unachofyonza, iliyogunduliwa mwaka 1996, na kasoro yake kubwa, C282Y, ni ya watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini. Kwetu ni nadra sana. Kama babu yako alikuwa Mbelgiji, sema bila haya, maana linabadilisha hesabu. Kama sivyo, jibu la "hakuna kasoro" halifungi mlango. Kusini mwa Sahara, chuma kuzidi mwilini kumehusishwa na pombe ya kienyeji iliyochachushwa kwenye mapipa ya chuma, na watafiti wamechunguza pia jeni ya feroportini, protini inayotoa chuma ndani ya seli. Kwa hiyo mweleze munganga ulikunywa pombe gani, miaka mingapi, na ilipikwa katika chombo gani. Hilo la chombo watu hawalitaji, wakati ndilo la maana. Sombe na bukari endelea kula.

Mwenye SS (selimundu) ahesabu mifuko ya damu aliyoongezewa: kila mmoja unaingiza miligramu 200 hadi 250 za chuma. Ataje na tarehe ya mwisho kuongezewa, kwa sababu damu ya mtu mwingine inaweza kuvuruga kipimo cha jeni.

Kaeni pia na wazee nyumbani. Nani alikufa kwa ini? Nani ana sukari, au vidole vinavyomuuma kila asubuhi? Hizo zinaweza kuwa alama za chuma kilichozidi. Mama anaweza kukaa miaka bila dalili, kwa kuwa hedhi humpunguzia chuma. Ukikutwa na nakala mbili zenye kasoro ya HFE, moja ya baba na moja ya mama, kila ndugu yako wa tumbo moja ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa nazo pia. Kubalianeni mapema kama wanataka kuambiwa.

Na kabla hujatoa dola yako, uliza ni jeni zipi zitapimwa, na nani atakaa na wewe kukusomea majibu.