Somo: Kuiomba kamati ya mipango ikulegezee kanuni ya ujenzi

Somo hili ni la mwenye ploti ambaye kanuni za eneo lake zinamzuia kufanya anachotaka. Eneo limepangwa kuwa la makazi, naye anataka kufungua kliniki. Mwingine ameambiwa aache mita tatu kutoka mpakani, na akiziacha kila upande hapati pa kuweka jiko. Mwingine anataka kumkatia kijana wake kipande, na kipande kinatoka kidogo kuliko kipimo kinachokubaliwa. Kwa sheria ya Uganda, maombi haya yote huamuliwa na kamati ya mipango. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, hana uwezo huo, diwani hana, na yule fundi anayekwambia "wewe anza tu, mengine tutamalizana nayo mbele" ndiye hana kabisa.

Sheria yenyewe ni ile ya mipango ya mwaka 2010, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2020. Ilitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango, kwa hiyo hata shamba la mihogo kule Kaberamaido limo. Wilayani kamati huongozwa na CAO, yaani ofisa mtendaji mkuu wa wilaya, mjini huongozwa na tauni klaki, yaani mtendaji mkuu wa mji, na sabukaunti nayo ina kamati yake chini ya chifu. Kampala mambo hupitia KCCA, mamlaka ya jiji hilo. Ofisa mipango ndiye katibu wa kamati, na pembeni yake huketi mhandisi wa barabara, mpimaji, mtu wa afya, mtu wa mazingira na wengineo. Kumbuka sura hizo unapoandaa ombi, kwa sababu kila mmoja atatazama karatasi yako kwa jicho la kazi yake.

Hatua ya 1: Uliza mpango wa eneo unasemaje

Nenda kwa ofisa mipango na namba ya ploti, uombe kuonyeshwa mpango wa eneo lako. Tazama ploti imewekwa katika matumizi gani, kisha tazama barabara. Barabara nyingi kwenye mipango yetu bado ni migomba na mahindi. Mtu hupita hapo kila siku asijue kuwa karatasini pamechorwa njia. Ikiwa njia hiyo inapita kwenye ploti yako, huna sababu ya kulipia mchoraji kabla ya kujua inakata wapi. Wakazi wa miji iliyopandishwa kuwa majiji mwaka 2020, kama Jinja, Mbale na Arua, wafanye hivi hata kama walishaangalia zamani, maana maeneo ya pembeni yaliingizwa ndani ya jiji na mipango inaendelea kuchorwa upya.

Hatua ya 2: Soma hati yako mpaka mwisho

Ardhi yetu hushikwa kwa namna nne: mailo (umiliki wa kudumu ambao juu yake wanaweza kuwepo wakaaji wengine), umiliki huru, lizi (ardhi ya kukodi kwa miaka maalumu) na ardhi ya kimila. Mwenye lizi anitegee sikio. Hati ya lizi huwa na kifungu kinachotaja matumizi, kwa mfano makazi peke yake. Kamati ikikuruhusu kuweka duka, ruhusa hiyo haifuti kifungu cha lizi. Itabidi uende pia kwa aliyekupa lizi, ambaye mara nyingi ni bodi ya ardhi ya wilaya, akibadilishe. Watu hugonga mlango mmoja wakadhani wamemaliza.

Halafu pima. Wauzaji wetu husema ploti ya futi 50 kwa 100 ni desimali 12 na nusu, yaani thumni ya eka; desimali ni sehemu moja ya mia ya eka. Chukua kalamu: futi hizo ni 5,000 za mraba, na desimali moja ni futi za mraba 435.6. Jibu ni desimali 11 na nusu hivi. Desimali moja iliyopotea inaonekana ndogo, lakini unapoomba kugawa ploti mara mbili ndiyo inayokuangusha. Mlete mpimaji aliyesajiliwa aonyeshe mawe ya mipaka yalipo, kwa sababu ombi la kupunguziwa umbali kutoka mpakani halina maana ikiwa mpaka wenyewe haujulikani.

Hatua ya 3: Majirani kabla ya ofisi

Wengi hupeleka karatasi mezani kwanza, jirani akasikia habari kwa watu. Hapo hata asiyekuwa na tatizo hulipata. Nenda mwenyewe jioni, na mchoro mkononi hata kama umechorwa kwa penseli. Usimwambie "nataka kujenga." Mwonyeshe dirisha litatazama wapi, maji ya paa yatamwagika wapi, gari litageuzia wapi. Pingamizi nyingi ninazoziona zinatokana na mambo matatu: maji, choo na kelele. Ukiwa na jibu la hayo matatu umeshapunguza nusu ya vita.

Akikubali, aandike barua fupi na kuweka sahihi, mwenyekiti wa LC1 apige muhuri kuwa mwandishi ni mkazi wake. Muhuri huo ni ushahidi wa ujirani tu, usiutembeze kama kibali cha ujenzi.

Hatua ya 4: Mchoro na barua ya sababu

Hapa ndipo ombi hushinda au hushindwa. Kamati haipimi shida zako, inapima ploti. Barua inayosema "nina watoto saba na mkopo wa benki" huhuzunisha wasomaji, kisha huwekwa upande. Wanachotaka kujua ni kitu gani katika ardhi hiyo kinafanya kanuni isitekelezeke hapo, wakati kwa jirani inatekelezeka.

Chukua ploti ya pembe tatu iliyobanwa kati ya reli na barabara. Upande mpana unaacha mita tatu bila taabu. Upande mwembamba, ukiacha mita tatu, chumba kinabaki na upana wa kitanda. Basi mwombaji anachora: upande mpana mita tatu kamili, upande mwembamba mita 1.8 kwa urefu wa chumba kimoja tu. Ukuta huo hauna dirisha. Paa limeinamishwa upande wa pili ili tone la mvua lisiangukie kwa jirani, na mfereji umechorwa hadi mtaro wa barabara. Sehemu inayoombewa ruhusa imezungushiwa wino mwekundu na kipimo kimeandikwa kando. Mjumbe akiifungua karatasi hiyo anaona swali na jibu pamoja.

Jambo la pili: omba kidogo kadiri inavyowezekana. Ukiomba kupunguziwa mita moja na mchoro unaonyesha ungeweza kuishi na nusu, mtu wa kamati mwenye rula ataliona hilo.

Wanaobadili matumizi waonyeshe magari yataegeshwa wapi na maji machafu yatakwenda wapi. Kliniki izungumzie pia taka zake.

Hatua ya 5: Fomu, malipo, nakala

Fomu ya ombi inaitwa PPA1. Ambatisha nakala ya hati, ramani ya upimaji, mchoro, barua ya sababu na barua za majirani. Uliza orodha ya ofisi yako, kwani zipo zinazotaka na mengine. Ada hulipwa benki kwa namba ya malipo unayopewa, nawe unabaki na risiti. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Hatua ya 6: Ukaguzi

Watakuja kuona mahali. Fyeka nyasi, fukua mawe ya mipaka yaonekane, panga vijiti na kamba pale ukuta utakapopita. Tofali lisiwepo hata moja, na msingi usichimbwe. Mkaguzi akikuta mfereji wa msingi, ombi linageuka kesi.

Hatua ya 7: Jibu

Jibu huja kwa maandishi: ombi limekubaliwa, limekubaliwa kwa masharti, limeahirishwa au limekataliwa. Kuahirishwa si kukataliwa. Soma sababu, rekebisha, rudisha. Masharti nayo ni sehemu ya ruhusa. Ukiambiwa uache nafasi ya magari manne halafu ukajenga vibanda hapo, huna ruhusa tena mkononi. Ukikataliwa, rufaa hupanda ngazi kutoka kamati ya chini hadi ya juu yake, kisha Bodi ya Taifa ya Mipango, na mwisho Mahakama Kuu. Muulize katibu muda wa rufaa siku ileile unayochukua barua.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Mapacha, Mbale: Mwalimu, mimi nilikwisha kuanza. Nyumba iko kwenye madirisha, wamebandika notisi ya kusimamisha na kupiga X nyekundu ukutani. Fundi anasema tumalizie paa wikendi, watu wa jiji hawafanyi kazi Jumapili.

Jibu: Mama, mwambie fundi apumzike Jumapili na yeye. Notisi ikishatoka, kila tofali unaloongeza ni hasara unayojinunulia, na kamati huiona kuwa dharau. Simamisha, piga picha hali ilivyo, peleka ombi la kuhalalisha pamoja na mchoro wa kweli wa kilichojengwa. Wanaweza kukubali, wanaweza kutaka ukuta mmoja urudi nyuma. Ahadi siwezi kukupa. Uliza pia X ni ya nini hasa. Ikiwa ni ya hifadhi ya barabara, hilo ni jambo jingine kabisa na kubembeleza hakutasaidia.

Kijana wa Busia: Jirani amekataa kusaini. Hana sababu, ni ugomvi wa zamani wa mbuzi.

Jibu: Sahihi ya jirani inasaidia sana, ila anayeamua ni kamati. Mwandikie barua ya kumjulisha, abaki na nakala, mwenyekiti wa LC1 ashuhudie kuwa ameipokea. Katika ombi lako sema wazi kuwa amekataa. Usimtukane humo ndani wala usitaje mbuzi. Akileta pingamizi la maji au kivuli, lijibu kwenye mchoro.

Afande mstaafu, Bombo: Mimi nina kibanja, kipande ninachokalia kwenye ardhi ya mailo ya mtu mwingine. Mwenye ardhi anaishi mbali, haonekani. Naweza kuomba kugawa?

Jibu: Afande, Sheria ya Ardhi ya 1998 inakutambua wewe mkaaji, lakini kugawa kibanja kunahitaji idhini ya mwenye ardhi. Anza kumtafuta kwa maandishi, na risiti zako za busuulu, ile kodi ya kibanja, ziwe tayari. Kamati ikipokea ombi la kugawa lisilo na idhini yake italirudisha, na itakuwa na haki.

Mwanachama wa Jinja: Nina ploti mita 40 kutoka mto Nile, nataka nyumba ndogo ya wageni. Kamati inaweza kunipunguzia ile mita 100?

Jibu: Hapana. Ukanda wa mita 100 kando ya Nile, na wa mita 200 kando ya Ziwa Victoria, umewekwa na kanuni za mazingira za mwaka 2000, na mlinzi wake ni NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kamati ya mipango haiwezi kukugawia kisicho chake. Mtu akikuonyesha barua ya jiji inayoruhusu kujenga humo, usimpe hata shilingi.

Shangazi wa Kawempe: Dada yangu yuko Massachusetts. Anasema kwao mtu huenda mbele ya bodi ya zoni, yaani ya mgawanyo wa matumizi ya ardhi, kuomba variansi, ile ruhusa ya kulegezewa kanuni, majirani wanaitwa, wanazungumza. Ni kitu kilekile?

Jibu: Shangazi, ni ndugu wa karibu. Jiji la New York lilipitisha kanuni zake za zoni mwaka 1916, na miji mingine ikafuata, kila mmoja na bodi ya kusikiliza wale ambao kanuni imewabana kupita kiasi. Sheria ya Massachusetts inataja mambo yenyewe: udongo, umbo la ploti na mwinuko wake. Mwombaji aonyeshe kuwa hilo linaigusa ardhi yake na haliligusi eneo zima, na kwamba kanuni ikifuatwa neno kwa neno ataumia kweli. Akipewa, asipoitumia ndani ya mwaka mmoja inakufa. Sisi hatuna kikao cha namna hiyo kwa jina hilo. Kwetu ombi huingia katika kibali cha uendelezaji chenyewe. Lakini ile ploti ya pembe tatu ya hatua ya 4 ingeeleweka kwao vilevile.

Mama Mapacha, tena: Wakinikubalia, naendelea na paa?

Jibu: Bado. Kibali cha kujenga ni kingine, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya 2013, na kamati ya ujenzi ndiyo inayokitoa. Hapo watataka michoro ya uimara iliyosainiwa na mhandisi aliyesajiliwa.

Kijana wa Busia, tena: Inachukua muda gani?

Jibu: Inategemea kamati yako inakaa lini. Muulize katibu tarehe ya kikao kijacho na siku ya mwisho ya kupokea maombi. Faili lenye upungufu husukumwa kikao kinachofuata.

Asiyetaka kujulikana: Mtu wa ofisini ameniambia faili halitasogea bila chai.

Jibu: Mwombe namba ya malipo ya hiyo chai, kwa upole, kama vile hukumwelewa. Asipokuwa nayo, andika tarehe, saa na aliyosema, kisha mwandikie tauni klaki kuuliza hali ya faili, ukiambatisha nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Likikwama bado, ofisi za kanda za IGG, mkaguzi mkuu wa serikali, hupokea malalamiko ya aina hiyo.