Tukio la gemu: fungua faili kabla hujaliamini

Kwa vijana wa Mombasa wanaocheza Europa Universalis IV, gemu ya kompyuta ya mikakati ya kihistoria: ukilitilia shaka tukio la kihistoria, fungua folda ya events ndani ya gemu, kwa programu ya maandishi tu, utafute sehemu ya trigger, yaani kinachofanya tukio litokee. Faili hizo ni maandishi ya kawaida, kwa hiyo utaona kama mtunzi ameweka mwaka au masharti matupu. Mwaka ukiwepo, ulinganishe na historia: Fort Jesus ilianza kujengwa 1593, Waomani wakaizingira 1696 na kuitwaa 1698. Kukiwa na masharti tu, achana na tarehe, hoji sababu. Huko ndiko chumvi huongezwa (nami naona ni halali, gemu si darasa). Soma tu, usihariri. Gemu zenye faili zilizofungwa, mbinu hii haifui dafu.