Jinsi ya Kupata Rangi Ileile ya Ukuta kutoka Kampuni Nyingine

Aliyepaka chumba kwa rangi ya kampuni moja, kisha akataka kumalizia kwa rangi ya kampuni nyingine, mara nyingi hukosea mwanzoni kabisa, kwa kudhani kwamba jina la rangi au fomula iliyobandikwa kwenye kopo itamfikisha. Jina ni la biashara tu. Fomula nayo hueleza kiasi cha vikolezo, yaani rangi kali za kuongezea, vilivyotiwa katika rangi ya msingi ya kampuni hiyo, yaani ile ya kopo kabla ya kuchanganywa, na kwa kuwa kila kampuni ina rangi zake za msingi na vikolezo vyenye nguvu tofauti, vipimo vilevile vikitiwa katika kopo la kampuni nyingine huzaa rangi nyingine. Kinachoweza kuhamishwa ni rangi yenyewe jinsi inavyoonekana ukutani, na ndiyo maana kazi huanzia kwenye sampuli.

Futa vumbi ukutani kwa kitambaa chenye unyevu, acha pakauke, kisha ukate kwa wembe kipande bapa cha rangi chenye upana wa sentimita 3 hivi na kukibandua taratibu. Wengi hukikata nyuma ya kabati ili kovu lisionekane, lakini hapo mwanga haukufika, hivyo rangi yake bado haijachujuka kama ya ukuta uliobaki. Ni afadhali kukata pembeni mwa mlango na kuziba baadaye. Kipande hicho kipeleke dukani kikapimwe kwa spektrofotomita, mashine inayokimulika na kusoma mwanga unaorudi katika mawimbi ya takriban nanomita 400 hadi 700, kisha programu ikatafuta mchanganyiko wa kampuni hiyo unaokaribia zaidi. Picha ya simu haifai kabisa, kwa sababu kamera hurekebisha rangi kulingana na mwanga uliopo.

Ikiwa kopo la zamani lina namba ya mfumo wa kutambulisha rangi usio wa kampuni moja, kama vile RAL au NCS, itaje, maana hiyo ni lugha inayoeleweka na watengenezaji wengi. S 2010-Y30R ya NCS, kwa mfano, ina weusi wa asilimia 20, ukolevu wa asilimia 10, na ni njano iliyoelekea wekundu kwa asilimia 30. Namba hizi husaidia hata kwa rangi nyeupe: RAL 9010 na RAL 9016 zote huitwa nyeupe, lakini ya kwanza ina umanjano kidogo, na zikiwekwa pamoja utaiona tofauti hiyo.

Mashine haikuchagulii mng'ao. Rangi isiyong'aa na ya silki, yenye mng'ao kiasi, zilizochanganywa kwa usahihi uleule huonekana tofauti, kwa sababu inayong'aa hurudisha mwanga kama kioo hafifu; kwa hiyo linganisha mng'ao kabla ya kubishana kuhusu rangi.

Nunua kwanza kopo dogo la majaribio. Paka tabaka mbili kwenye kadi hadi ukingoni kabisa, bila kuacha mpaka mweupe, kwani mpaka huo hulidanganya jicho. Iache ikauke kabisa, kwa kuwa rangi za maji kwa kawaida hukolea zikikauka, kisha ibane ukutani na utazame pale kadi inapoishia. Ukingo ukipotea, umepata. Rudia adhuhuri karibu na dirisha, na usiku chini ya taa za chumba hicho hicho, kwa sababu rangi mbili zilizotengenezwa kwa vikolezo tofauti zinaweza kufanana mchana na kuachana usiku, kijivu kimoja kikabaki kijivu na kingine kikaingia wekundu. Hilo halirekebishwi kwa kuongeza tone. Omba mchanganyiko mwingine, ikiwezekana wenye vikolezo vinavyokaribiana na vya awali.

Tofauti ikibaki mchana na usiku, mweleze mchanganyaji inaelekea wapi: imekolea au imepauka, ina umanjano au ubuluu, ina wekundu au ukijani. "Haifanani" haimsaidii. Kumbuka pia kwamba kukoleza ni rahisi kuliko kupausha, maana tone dogo la kikolezo hudai nyeupe nyingi kulifuta.

Ukiridhika, nunua kiasi chote kwa wakati mmoja na uchanganye makopo yote katika ndoo moja, kwa kuwa hata kampuni ileile hutofautiana kidogo kati ya mkupuo na mkupuo. Usizibe kiraka katikati ya ukuta. Paka ukuta mzima kutoka kona hadi kona: kuta mbili zinazokutana hupokea mwanga kwa pembe tofauti, na tofauti ndogo iliyosalia humezwa na kivuli cha kona.