Kifaransa cha kuanzia: fuata siku moja ya mtu wa Lyon, toka bonjour ya asubuhi mpaka chakula cha usiku

Wengi wanaotaka kuanza kifaransa wanaanza na yale majedwali ya vitenzi, je suis tu es il est, wanakariri wee mpaka wanachoka, halafu wakikutana na mfaransa hata mkate hawawezi kuagiza. Mi nafundisha wanaoanza na njia yangu ni nyingine: tunachukua siku ya kawaida ya mtu anayekaa Lyon, mji wa Ufaransa niliokaa kabla sijarudi Dar, tunaifuata toka asubuhi mpaka usiku, na kila mahali tunapopita unaondoka na sentensi nzima nzima mdomoni. Sarufi inaokotwa njiani, na kwa mswahili inaokotwa haraka kuliko unavodhani.

Hatua ya 1: masikio kwanza, daftari baadae

Kiswahili unasoma kila herufi unayoiona, kifaransa sahau hiyo. Konsonanti ya mwisho mara nyingi haitamkwi: petit ni "pti", vous ni "vu", Paris ni "Pari". Zinazosikika mara nyingi ni c, r, f na l, kama avec, bonjour, neuf, avril (ila parler na vitenzi vyote vya -er, r yake haisikiki, kwahiyo usiishike hii kama msahafu).

Sauti ngumu ni chache. U ya tu: sema "i", ulimi uache hapo hapo, halafu kunja midomo iwe duara. Zile za puani, on, an, in: hewa ipite puani na n yenyewe usiiguse, ndo maana pain (mkate) huisikii n mwishoni. R yao inatoka kooni, iko jirani kabisa na gh, yani kama we unasema "ghali" na "lugha" kama watu wa Pwani wanavosema, bila kuigeuza g, hapo umeshavuka sehemu inayowatesa wengi.

Hatua ya 2: Bonjour, na sitanii

Hii ndo hatua naikazania kuliko zote. Ufaransa ukiingia dukani, ukipanda basi, ukimfuata mtu kaunta kuuliza kitu, neno la kwanza ni bonjour. Sio excusez-moi (samahani), sio swali lako. Ukianza na swali unaonekana huna adabu, sawasawa na huku umkute mzee kakaa umuulize njia bila shikamoo, atakujibu lakini utamsikia sauti. Watu wengi wanaosema wafaransa wana roho mbaya, ukiwachunguza utakuta waliruka bonjour.

Ongeza Madame (mama) au Monsieur (bwana). Mademoiselle (binti) achana nayo, kwenye fomu za serikali iliondolewa toka 2012, mwanamke mtu mzima yeyote ni Madame. Jioni inakuwa bonsoir. Ukitoka: merci, bonne journée, au revoir (asante, siku njema, kwaheri). Na mtu uliyemsalimia asubuhi usimrudie bonjour mchana, ataona umesahau kama mlionana, sema rebonjour au tabasamu tu.

Tu na vous, zote ni "wewe", vous ndo ya heshima: usiyemjua, mkubwa, muuzaji, afisa, wote vous. Mtoto, rafiki, mwanafunzi mwenzio, tu. Ukiwa na wasiwasi baki na vous, mwenyewe akitaka atakwambia on peut se tutoyer, yani tuitane tu.

Hatua ya 3: bulanjeri (duka la mikate)

Hapa ndo darasa langu linakaa muda mrefu, maana sentensi za mkate zinafanya kazi kila mahali. Soma kwa sauti, cheza pande zote mbili:

– Bonjour Madame.
– Bonjour Monsieur, vous désirez ?
– Je voudrais une tradition bien cuite et deux croissants, s'il vous plaît.
– Et avec ceci ?
– Ce sera tout, merci.
– Ça fait quatre euros vingt.
– Par carte, s'il vous plaît.
– Merci, bonne journée !

Vous désirez ni unataka nini, s'il vous plaît ni tafadhali, ce sera tout ni basi hiyo tu, ça fait ni jumla yake, par carte ni nalipa kwa kadi. Je voudrais ni "ningependa", ya heshima, ukiwa nayo hiyo moja unaweza kuagiza chochote nchi nzima. Je veux (nataka) iache, inasikika kama amri. Et avec ceci ndo inawakamata wageni, wanabaki wametoa macho, kumbe anauliza tu kama kuna kingine.

Tradition ni baguette (ule mkate mrefu mwembamba) ya daraja la juu kidogo, sheria ya mwaka 1993 inataka unga wa ngano, maji, chumvi na hamira au chachu, bila viungio vya kemikali na bila kugandishwa. Bien cuite ni iliyoiva sana, pas trop cuite ni ile laini. Mkate huu hawaufanyii mzaha, ujuzi wa kuuoka uliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2022. Na ukishuka kusini magharibi, Toulouse au Bordeaux, pain au chocolat (kitafunwa chenye chokoleti ndani) inaitwa chocolatine na watu wanabishana kweli kweli, we sema ya pale ulipo.

Sasa sarufi, fupi. Une baguette, un croissant, kwanini moja une na nyingine un? Watu wa lugha nyingine wanalia sana hapa ila sisi tumekulia kwenye ngeli, kiti kizuri, nyumba nzuri, miti mizuri, hatuulizi kwanini, tunapatanisha tu. Wao wana ngeli mbili tu jamani! Un petit pain (mkate mdogo), une petite tarte (tati ndogo, ya kuoka). Dawa ni moja: usiandike "tarte" peke yake kwenye daftari, andika une tarte, jina na un/une lake mpaka kufa. Na hiyo tarte ukiwa Lyon iwe aux pralines, ile ya pinki, tamu mpaka meno yanakataa.

Hatua ya 4: sokoni, namba na saa

Soko la Croix-Rousse liko juu kilimani, lipo kila siku isipokuwa jumatatu. C'est combien le kilo ? (kilo bei gani?) Un kilo de tomates (kilo ya nyanya). Une livre de haricots, yani nusu kilo ya maharage. Ukitaja kipimo baada yake ni de, hiyo tu. Bei usianze kuvutana, haipo hiyo. Na matunda usiyabonyeze bonyeze, mara nyingi muuzaji ndo anakuchagulia, tena kwenye tikiti au parachichi anaweza kukuuliza c'est pour aujourd'hui ou pour demain ? (ni la leo au la kesho?) Jibu pour ce soir (la jioni hii) na atakupa lililoiva la leo.

Namba mpaka 60 hazina shida, halafu wanaanza vituko: 70 ni soixante-dix (sitini na kumi), 80 quatre-vingts (ishirini mara nne), 90 quatre-vingt-dix. Ila kama safari yako ni Lubumbashi, Bukavu au Bujumbura kufuata mzigo, huko utasikia septante (70) na nonante (90) kama wabelgiji, ni rahisi zaidi, jifunze zote mbili.

Saa ndo mtego wetu sisi. Dix-neuf heures trente ni 19:30, kwetu saa moja na nusu usiku. Kichwa cha mswahili kikisikia sept heures kinakimbilia saa saba, kumbe ni saa moja asubuhi. Badilisha simu yako iwe kifaransa na saa iwe ya 24, kila ukiitazama isome kwa sauti, baada ya muda unaacha kupiga hesabu.

Hatua ya 5: mezani

Chakula cha mchana ni kati ya saa sita na saa nane, ukichelewa jiko limefungwa. Un café ni kikombe kidogo cha kahawa kali, ukitaka ya maziwa sema un café crème. Une carafe d'eau ni maji ya bomba na ni bure. Bili hailetwi mpaka uombe, l'addition s'il vous plaît (bili tafadhali), na huduma imeshahesabiwa ndani ya bei.

Lyon kuna migahawa inaitwa bouchons, vyakula vya zamani vya mji, nguruwe na utumbo kwa wingi. Kwahiyo sentensi hizi zikariri kabla hata ya kuingia: C'est du porc ? (ni nguruwe?) Je ne mange pas de porc (sili nguruwe). Il y a de l'alcool dedans ? (kuna pombe ndani?) Hapo hapo umepata na ukanushi, ne upande huu wa kitenzi, pas upande ule, na mtaani ne wanaimeza, utasikia je mange pas.

Hatua ya 6: kila mwezi na jambo lake

Januari kuna galette des rois, keki ya Epifania yenye kitu kidogo kimefichwa ndani, mtoto mdogo anaingia chini ya meza na kutaja kipande kipi ni cha nani, kwahiyo mwezi huo jifunze c'est pour qui ? (ni cha nani?) na majina ya ndugu. Tarehe 2 Februari krepu, karibu sawa na chapati zetu za maji, ndo mwezi wa vitenzi vya jikoni. Aprili mosi wanabandikana samaki wa karatasi mgongoni. Julai sherehe ya taifa, wenyewe wanaiita le 14 juillet tu. Desemba 8 Lyon nzima inaweka vitaa vya mishumaa madirishani, jifunze rangi na la lumière (mwanga).

Hatua ya 7: mazoezi

Dakika ishirini kila siku inatosha kuliko jumamosi nzima. Kwenye intaneti TV5MONDE, televisheni ya kifaransa, wana mazoezi ya bure ya ngazi ya A1 (ya wanaoanza), anzia hapo. RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, sikiliza habari zao za kiswahili kwanza, halafu zile za kifaransa rahisi siku hiyo hiyo, habari umeshaijua kwahiyo sikio linashika maneno. Jirekodi ukicheza ile ya bulanjeri, wiki ijayo jirekodi tena.

Siku ukikutana na mfaransa atakujibu mbio, hiyo hakika. Usitikise kichwa tu, sema pardon, vous pouvez répéter plus lentement ? (samahani, unaweza kurudia polepole?) Na akikuonea huruma akahamia kiingereza: on peut continuer en français ? J'apprends (tuendelee kwa kifaransa? Najifunza). Wengi watafurahi na watapunguza mwendo.