Kabla hujayeyusha gliadini, soma hapa kwanza

Gliadini ni protini ya ngano; ikiungana na glutenini ndipo tunapata gluteni. Angalia lebo ya kopo. Kama imeandikwa gluteni badala ya gliadini, usitegemee iyeyuke yote. Sehemu ya glutenini itabaki chini hata ukikoroga mpaka kesho.

Andaa kiyeyushi kabla ya kugusa mizani. Gliadini haiyeyuki kwenye maji matupu, wala kwenye ethanoli isiyo na maji. Inataka ethanoli ya asilimia 60 hadi 70. Ukiwa na ya asilimia 95, pima mililita 74, ongeza maji hadi zifike 100.

Vaa barakoa unapopima unga, maana vumbi la ngano huwaamshia wengine pumu. Utie kidogo kidogo huku sumaku ikikoroga. Ukiumwaga wote kwa mkupuo utapata madonge ya kunata. Funika chombo. Ethanoli ikipaa, ukolezi unabadilika, na ethanoli hushika moto upesi.

Halafu jiulize: myeyusho huu unakwenda wapi? Hapa ndipo watu wanapoumia. Kuna mwanafunzi nilimwona akipata myeyusho safi kabisa, akauzimua mara 10 kwa bafa (myeyusho wa maji unaotunza pH) ili auweke kwenye seli. Ethanoli ikashuka hadi asilimia 7, myeyusho ukageuka maziwa. Akaona ni uchafu, akauchuja, akafurahi ulipong'aa tena. Akaendelea kuandika dozi kwa hesabu ya unga aliopima. Kila akipandisha dozi, seli kimya. Alipokuja kupima protini kwenye kile kilichopita chujioni, karibu hakukuwa na kitu. Gliadini yake ilikuwa imebaki kwenye chujio, na kazi yote ikarudiwa.

Kwa hiyo pima protini baada ya kuchuja au kuzungusha kwenye sentrifuji, si kabla tu. Ukipima kwa nitrojeni, kizidisho cha ngano (namba ya kuzidishia nitrojeni ili upate protini) ni 5.7, si kile cha 6.25 kilichozoeleka. Kwa kazi ya seli, wengi huimeng'enya gliadini kwanza kwa pepsini na tripsini, vimeng'enya vinavyokata protini, kwa kuwa vipande vinavyopatikana huyeyuka vizuri zaidi kwenye maji. Na usisahau kundi la seli linalopewa kiyeyushi kitupu, la sivyo utaisingizia gliadini madhara ya ethanoli.

Kwenye friji myeyusho unaweza kugeuka maziwa. Uache upate joto la chumba, utikise, ndipo uchote. Andika tarehe na asilimia ya ethanoli kwenye chupa. Chupa isiyo na maandishi usiitumie, hata kama aliyeitengeneza anaapa anaikumbuka.