Bustani ya nyumbani kwa pesa kidogo: anza na njia ya maji

Nyumba ikishahamiwa, wengi wa Chanika, Kigamboni au Bunju, pembezoni mwa Dar es Salaam, hukimbilia maua ya kwenye viriba yanayouzwa barabarani. Mwezi haupiti, nusu yamekauka. Maua yasubiri kwanza.

Mvua kubwa ya masika ikinyesha, toka na mwavuli uangalie maji yanapita wapi na yanatuama wapi. Njia ya maji usiizibe. Panga mawe, pembeni panda mchaichai: mizizi inashika udongo, na chai unapata. Panapotuama, ndipo pa migomba. Kuna wanaofunika ua mzima kwa vitofali vya pevingi. Panapendeza, sikatai, ila ni ghali, joto linarudi ndani, na maji yote yanamwendea jirani. Pevingi itoke getini mpaka barazani, basi.

Kwingine nyasi, na hapa ndipo subira inapookoa pesa. Gunia moja la ukoka linatosha kuanzia. Kata vipande vyenye vifundo viwili au vitatu, pandikiza kila sentimita 15 hadi 20 mvua za Machi zikianza. Mvua ikikubali, baada ya miezi mitatu hivi ua umefunga. Ukoka hautaki kivuli. Chini ya mwembe weka nyasi za Pemba.

Lakini gugu la ndago litoke kwanza. Ukiifyeka juu, viazi vyake vidogo vilivyo chini vinachipua upya, tena kwa wingi. Chimba kwa jembe uma, okota kimoja kimoja, mwagilia, subiri wiki mbili vilivyobaki vijitokeze, kisha urudie. Inachosha, najua, lakini nyasi zikishafunga utachoka zaidi. Na lori la udongo mweusi lichunguze kabla halijamwaga, maana ndago nyingi huingia mjini kwa njia hiyo.

Mchanga wa Pwani haushiki maji wala mbolea. Shimo la mti liwe futi mbili kila upande, udongo wa juu uchanganye na debe moja au mbili za samadi iliyooza. Tandaza makumbi ya nazi kuzunguka mche, yasiguse shina. Kwangu mimi, mwembe mmoja wa kubebeshwa una faida kuliko ashoki kumi zilizojipanga ukutani. Mfikusi uwe mbali na msingi na shimo la choo, mizizi yake hufuata maji.

Sasa maua. Bogonvilia omba kwa jirani: vijiti vya unene wa penseli, sentimita 20, vioteshe kivulini. Oleanda iache kama nyumbani kuna watoto, ina sumu mpaka kwenye majani.

Ukiweka vyungu, sahani za chini zimwagwe na kusuguliwa kila wiki. Mbu wa dengi huzaliana humo, na Dar es Salaam imeshaonja homa hiyo mwaka 2014 na tena 2019.