Somo: Kiduha hupunguzwa kuanzia ardhini

Wakulima wa Nzega, Uyui na Urambo mkoani Tabora hawahitaji kuonyeshwa gugu la kiduha. Mahindi yamedumaa, majani yamesinyaa kama ya kiangazi ilhali udongo umelowa, na chini yake vijiua vyekundu. Gugu hili hujishika kwenye mizizi ya mahindi na kunyonya maji na chakula. Likichomoza, hasara kubwa imeshatokea, ndiyo maana palizi peke yake haitoshi.

Mche mmoja hutoa maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, na zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10. Haziamki mpaka zipate kemikali inayotoka kwenye mizizi. Mahindi yenye upungufu wa fosforasi huitoa kwa wingi, basi udongo uliochoka ndio makao ya kiduha.

1. Sehemu iliyoathirika zaidi, pumzisha mahindi. Panda karanga, kunde au soya. Mizizi yake huamsha mbegu za kiduha, lakini hazipati pa kunyonya, zinakufa.

2. Weka samadi iliyooza vizuri. Mbichi, hasa ya ng'ombe waliochungwa kwenye kiduha, inaweza kukuletea mbegu mpya.

3. Mahindi yakirudi, yachanganye na kunde.

4. Ng'oa kiduha kabla ya maua. Kilichokwisha kuchanua usikiache juu ya tuta, mbegu zitaivia hapo hapo. Kichome.

5. Kung'uta jembe kabla ya kuhamia shamba jingine. Wengi hupuuza hili.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mwaka jana nilipanda karanga, mbona kiduha bado kipo?*
Mama, msimu mmoja hauwezi kumaliza akiba ya miaka yote hiyo. Endelea na mzunguko, na usiruhusu hata mche mmoja umwage mbegu.

*Je, nikihamia mtama?*
Hapana, ndugu yangu. Mtama, uwele, hata mpunga wa nchi kavu, vyote hunyonywa.

*Kwenye kunde zangu kuna gugu la maua ya njano, limeng'ang'ania mizizi. Ni kiduha?*
Huenda ni Alectra, ndugu yake anayenyonya kunde na karanga. Ling'oe kabla halijamwaga mbegu, na msimu ujao usirudishe mikunde hapo. Badala yake, nyie wa Nzega na Igunga mna pamba: nayo huamsha mbegu za kiduha bila kunyonywa.